Dawa Yao ni Kuoka

Mwezi uliopita alikuja kwangu kijana mmoja mwenye digrii ya mambo ya samaki, anauza dawa za chupa. Nilimkuta amesimama nyuma ya matangi yangu, pua juu kama mbwa aliyenusa nyama. Akaniuliza, "Mzee, hapa mnapika chai ya aina gani?" Nikamwambia hiyo si chai, ni majani ya mapera yanachemka, na hiyo sufuria ndiyo hospitali yangu. Akatabasamu ile tabasamu ya watu waliosoma. Sikubishana naye. Nilimpeleka kwenye karai la wagonjwa nikamwonyesha samaki wa dhahabu aliyeletwa mkia umeliwa na ugonjwa kama kitambaa kilichotafunwa na panya, na sasa mkia unarudi. Kijana akachuchumaa, akatazama sana, akatoa kalamu. Aliondoka ameandika kurasa mbili, na chupa zake zote bado ziko kwenye begi.

Mimi si mtu wa kujisifu, lakini ukweli usemwe. Kuanzia Kericho mpaka Bomet, ukiona bwawa la samaki wa urembo mbele ya hoteli ya maana, uliza nani amelitengeneza. Darasa la sita ndiyo nilifika, na hilo la sita lenyewe sikulimaliza, lakini leo watu wenye magari makubwa wananipigia simu wakiniita Daktari, eti daktari njoo, samaki wangu hali chakula. Naenda. Nawatibu. Basi siku ile, kijana alipoondoka, ile harufu ya mapera ilinishika puani, chungu kidogo, tamu kidogo, kama udongo uliopata mvua na tunda bichi uliloliuma kabla ya wakati. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtu mzima na kitambi changu, nikarudi kwa mawazo Boito, nilikolelewa.

Nyinyi wa rika langu mliolelewa kwenye majani chai mnaikumbuka mvua ya kule. Asubuhi jua safi, kijani kinang'aa mpaka macho yanauma. Halafu ikifika saa nane, saa tisa, mvua hiyo, kila siku, kama imeajiriwa. Kwa mwenye chai ni baraka. Kwa mama yangu ilikuwa adui, maana mama yangu alikuwa anauza omena, wale dagaa wa ziwani waliokaushwa. Omena ikilowa leo, jioni inanuka, kesho kutwa unamwaga gunia zima. Tulikuwa tumetoka upande wa ziwa, mimi na yeye. Baba alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi, na nadhani mpaka leo bado anaitafuta. Kwa hiyo maisha yetu yote, ugali wetu, yunifomu yangu, chumba tulichopanga, yote yalikuwa yamesimama chini ya kipande cha mabati, urefu wa hatua nne hivi. Hiyo ilikuwa baraza ya hoteli ya Mzee Kiplang'at.

Mzee Kiplang'at alikuwa amempikia meneja mmoja wa shamba la chai miaka mingi. Meneja alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia mpishi wake vitu vitatu: koti, kengele ya mezani, na samaki saba wa dhahabu waliokuwa kwenye bustani. Koti lilikuwa dogo. Kengele aliiweka kwenye kaunta, na hakuna mkulima wa Boito aliyewahi kuipiga, walikuwa wanaita tu, "Wee, leta chai!" Lakini samaki aliwajengea bwawa la simenti mbele ya hoteli, mviringo, na ukuta mdogo wa kukalia. Watu walitoka hata Merigi kuja kuwaona. Mtu anakunywa chai moja, anatazama samaki mpaka ng'ombe wake wanasahau kwao.

Mimi mara ya kwanza kuwaona nilidhani wamezaliwa wamekaangwa. Usinicheke. Samaki niliyemjua mimi ni wa kijivu akiwa mbichi, na wa rangi ya dhahabu akitoka kwenye mafuta. Sasa hawa wako rangi ya mafuta na wanaogelea! Nikamwuliza mama, "Wataliwa lini?" Mama akauliza Kiplang'at, Kiplang'at akakasirika. "Hizi si za kula, Mama Otieno. Ni za kuangalia." Mama alifikiria hilo neno siku nzima. Jioni akaniambia, "Samaki asiyeliwa, huyo ni mgeni. Mheshimu tu."

Mkubwa kuliko wote aliitwa Meneja. Alikuwa na tumbo jeupe lililoingia waridi, na alizunguka bwawa asubuhi mpaka jioni akikagua wenzake bila kufanya kazi yoyote.

Heshima yangu kwa wageni hao ndiyo iliyoleta balaa. Siku za soko mama alikuwa analeta pia ngege wabichi, wale samaki wakubwa wa ziwani wenye magamba mapana, na anawapara na kuwatoa matumbo papo hapo kwa walimu na wachuma chai wa kwetu. Kazi yangu ilikuwa kubeba lile karai la maji machafu na kuyamwaga kwenye shimo nyuma ya choo. Mbali, na njia ina matope. Siku moja nikaona, hii ni supu inapotea bure, na hawa wageni wa dhahabu wanatupiwa makombo ya mkate mkavu tu. Nikawamwagia bwawani. Wakaja mbio, wakala! Nikajiona mtu mwema sana. Siku ya soko iliyofuata nikawapa tena. Na tena. Maji yakaanza kuwa mazito, lakini mimi nilijua supu nzuri ni nzito.

Halafu wakaanza kuugua. Kwanza mapezi yalibabuka, yakawa na ncha nyeupe, kama nguo inayofumuka. Baadaye vidonda vyekundu mbavuni, magamba yamesimama. Wawili wakaelea asubuhi moja matumbo juu. Kiplang'at aliwatoa kwa kichujio cha chai, akawashika mkononi muda mrefu. Kisha akageuka kwa mama.

"Mama Otieno, tangu uweke hizi samaki zako za ziwa hapa kwa baraza, zangu zinakufa."

"Omena imekauka mwezi mzima, itaambukiza nani?" mama akasema. "Siku utasikia imekohoa, uniite."

Watu waliokuwa wanakunywa chai wakacheka. Kiplang'at hakucheka. "Unaleta mchezo. Sikia. Hawa watano wakiisha, na wewe umeisha hapa. Utafute baraza ingine."

Baraza ingine haikuwapo, na mama alilijua hilo. Boito yenyewe ilikuwa maduka manne. Jioni ile alihesabu mabati ya soko zima kwa macho, na sikumsikia akiimba akifunga gunia. Mimi nilikuwa nimeanza kuhisi kwamba ile supu na vile vidonda vina undugu, lakini sikumwambia mtu.

Kesho yake akaja Kogo. Kogo kwa Kipsigis ni nyanya, yaani bibi, na huyu alikuwa mama yake Kiplang'at, mzee mwembamba, masikio yake marefu yamening'inia. Alikuwa anatibu ndama na watoto wa watu wa pale. Samaki hakuwahi kula maisha yake yote. Kwake samaki ni nyoka tu aliyekataa kukaa nchi kavu. Kwa hiyo alisimama hatua tatu kutoka kwenye bwawa, amejishika kwenye fimbo, akanyoosha shingo.

"Hii kitonda naijua," akasema. "Ntama yangu ilikuwa nayo kwa shingo."

"Mama, hii si ng'ombe," Kiplang'at akasema.

"Kitonda ni kitonda. Haiulizi wewe ni wa wapi."

Kiplang'at akaingia jikoni, ana safari ya kwenda kununua unga na hana wakati. Kogo akaniona mimi. Sisi tulikuwa marafiki. Alipenda kunituma ugoro.

"Wee Odieno. Kuja. Unaona ile miti ya mabera nyuma ya choo? Chukua majani, ile changa. Hawa samaki, tawa yao ni kuoka. Kuoka na majani ya mabera, basi. Anza na ile konjwa kabisa."

"Kuoka, Kogo?"

"Kuoka! Mpaka kitonda ikauke."

Sasa fikiria wewe ni mtoto wa ziwani. Umezaliwa umekuta nyanya yako wa kwenu anabanika samaki kwenye moshi. Kwa nini anawabanika? Ili wasioze. Samaki aliyeokwa anakaa wiki nzima hana neno, na asiyeokwa anaoza siku hiyo hiyo. Na hawa wa Kiplang'at shida yao ilikuwa nini? Walikuwa wanaoza. Mambo yalikaa sawasawa kichwani mwangu hata sikuuliza swali la pili. Nilishangaa tu kwamba mtu asiyekula samaki anajua siri ya watu wa ziwa.

Aliyekuwa mgonjwa kabisa ni Meneja. Alikuwa amelala ubavu juu ya maji, anafungua mdomo mara moja moja, na nilipomchukua kwa mikono miwili hakupinga. Sijui kama alikuwa hai bado. Nimejiuliza miaka yote hii, na kila mara najijibu kwamba alikuwa amekwenda tayari. Nilimfunga majani ya mapera, mengi, kwa adabu, nikamzika kwenye jivu la moto nyuma ya jiko la hoteli. Nikakaa hapo namngoja apone. Nilipomfungua kidonda kilikuwa kimekauka kweli kweli. Nikafurahi! Nikambeba mpaka bwawani, nikamrudisha kwenye maji polepole, na kumwambia, "Haya, enda."

Hakwenda.

Kiplang'at alirudi na gunia la unga begani. Alisimama, akatazama bwawa, akaweka gunia chini kwenye matope bila kuangalia anaweka wapi.

"Nani amepika Meneja?"

Hoteli yote ilitoka nje. Mama alikuja mbio mikono ina magamba. Mimi nikasema kwa sauti ndogo kwamba ni dawa, Kogo amesema. Kogo akaitwa kutoka kwenye chai yake.

"Mimi? Nimesema apike nyoka?"

"Ulisema kuoka, Kogo!" Nilikuwa nalia sasa. "Ulisema kuoka na majani ya mapera!"

"Ndiyo nimesema kuoka! Kuoka na maji!"

"Ya maji si kuoka," mama akasema. "Ya maji ni kuchemsha."

"Ati kuchemsha! Nyinyi watu mnafikiria tumbo tu! Nasema kuoka! Kuo-ka!" Na yule mzee akaitupa fimbo yake, akainua mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akajisugua kwapa, akajisugua shingo, akajimwagia maji ya hewa kichwani mbele ya watu wote. "Hivi! Hamjui kuoka? Hamuoki kwenu?"

Kuoga. Mungu wangu, kuoga.

Mchuma chai mmoja akaketi chini kwenye matope kwa kicheko, na wengine wakamfuata, na Kogo mwenyewe, alipoelezewa kwa Kipsigis, alicheka mpaka akashikwa mkono asianguke. Kiplang'at peke yake alimtoa Meneja kwenye maji, akamgeuza, akamkagua upande huu na upande ule kwa macho ya mpishi. "Na hata chumvi hajaweka," akasema. Sikujua kama ni mzaha. Hakuwa ametabasamu.

Kogo akaamua sasa kazi ifanywe vizuri. Wanne waliobaki wakatiwa kwenye beseni, na mama na mimi tukaanza kumwaga maji ya bwawa kwa ndoo ili lisuguliwe. Tulipofika chini, Kiplang'at aliinama akaokota kitu kwenye tope. Akakipangusa na kidole. Gamba, kubwa, la kijivu, kama kifungo cha koti. Halafu lingine. Samaki wa dhahabu hana gamba kama hilo. Hilo ni gamba la ngege.

Mama aliliona. Nilimwona akiliona. Angeweza kusema ni upepo, angeweza kusema ni paka. Mimi mwenyewe nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari mdomoni, maana hata wakati huo nilikuwa mwepesi. Lakini Kiplang'at hakumtazama mama. Alinitazama mimi, na lile gamba liko kwenye kiganja chake.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa nawapa supu. Siku za soko. Mama hajui."

Mama hakunipiga. Alikwenda barazani akaanza kukunja turubali lake na kufunga mdomo wa gunia kwa kamba, taratibu, fundo juu ya fundo. Hiyo iliniuma kuliko kiboko.

"Mama Otieno, unaenda wapi?" Kogo akauliza.

"Si amesema nitafute baraza ingine? Amesema kweli. Ni sisi tumewaua."

Kogo akasema maneno mengi kwa Kipsigis kwa mtoto wake, na yule mtu mzima mwenye hoteli akatazama viatu. Mwishowe akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie, "Mgonjwa kwanza, kesi baadaye. Alhamisi ijayo ni soko tena. Nikiona hata mmoja amepona, nitaongea. Wakiisha, hakuna maneno."

Siku sita hizo mimi sikwenda shule. Hapo ndipo nilisoma, na mpaka leo sijaona chuo kinachonishinda. Nilichuma majani machanga ya mapera kabla umande haujakauka. Nikayaponda kwenye kinu cha mahindi, nikayachemsha mpaka maji yakawa rangi ya chai isiyo na maziwa, nikayachuja kwa leso ya mama, nikayaacha yapoe kabisa. Siku ya kwanza niliweka makali, samaki wote wakapanda juu kutafuta hewa. Kogo akanigonga kichwa kwa kidole. "Wee! Unataka kuwachuna ngozi? Punkuza! Kama ya mtoto!" Nikapunguza, vikombe viwili kwa karai la maji ya mvua. Asubuhi wanaoga, kwa muda wa sufuria ya chai kuchemka mara mbili, halafu wanarudi kwenye maji safi. Jioni tena. Kidonda kikubwa unakipaka yale majani yaliyopondwa, kwa unyoya wa kuku, samaki umemshika kwenye kitambaa kilicholowa, haraka, kabla hajakosa pumzi. Na hakuna chakula siku mbili za kwanza, hata wakikutazama vipi. Kogo alisimamia yote kutoka hatua tatu. Siku ya nne nikaona amesogea, hatua zimebaki mbili. Na kila asubuhi nilikuta mlangoni kwa Kiplang'at ndoo ya maji ya mvua imechotwa tayari, na mimi sikuwa nimeichota.

Mmoja alikufa Jumanne. Nilimleta kwa Kiplang'at mwenyewe, sikumficha. Akachukua, akaenda kumzika chini ya mpera. Jumatano, vidonda vya wale watatu vilikuwa vimefunga, vimebaki alama za waridi tu, na kwenye ncha ya pezi la mmoja nikaona kitu kama uzi wa kioo, chembamba sana, kinachopitisha mwanga. Pezi jipya. Nilimwita mama aje aone, akaja akaona, akasema, "Mm." Lakini usiku hatukulala sana, maana pezi la uzi si samaki mzima, na Kiplang'at alikuwa mtu wa neno lake.

Alhamisi tulifika sokoni mapema. Mama hakupanda barazani. Alitandika turubali lake nje, upande wa barabara, chini ya mbingu tupu, akaketi ameipa hoteli mgongo. Mimi niliwarudisha wale watatu kwenye bwawa lililosuguliwa. Walikaa chini pamoja kama watu waliohamia nyumba mpya. Kiplang'at akatoka na kipande cha mkate, akakikanda kati ya vidole, akatupa. Hakuna aliyeinuka. Akatupa tena. Yule wa pezi jipya akapanda polepole, akakizunguka kile chembe, akakinyakua kwa ghafla mpaka maji yakalia, na wengine wawili wakamfuata wakigombania. Mzee alisimama hapo hadi mkate ukaisha mkononi. Kisha akaingia ndani, na mimi sikujua nimwambie mama nini.

Saa nane mbingu ikafunga upande wa msitu. Wauzaji wakaanza kukusanya. Mama alifunika gunia la omena kwa turubali, akakaa juu yake kwa uzito wake wote, macho mbele, na matone ya kwanza yalimpata begani.

"Mama Otieno!" Ilikuwa sauti ya Kiplang'at kutoka dirisha la jikoni, amekasirika kama kawaida. "Omena inalowa hapo, unangoja nini? Na huyo mpishi wako akae mbali na jiko langu!"

Mama aliinuka, akajipangusa uso kwa mkono, akashika pembe moja ya gunia na kunitazama.

"Shika huko," akasema. Nikashika, tukapanda barazani.